Niliyojifunza kwa kuwatazama watu wakisoma kurasa nilizoandika

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika maudhui ya tovuti: kurasa za kueleza huduma, masharti ya maombi, taratibu za usajili na majibu ya maswali ambayo watu huuliza kila siku. Niliingia kwenye kazi hiyo nikitokea kwenye uandishi wa ripoti, ambako msomaji hukabidhiwa waraka, huketi nao mezani na, kwa kuwa ni sehemu ya kazi yake, huusoma hadi mwisho. Mazoea yale yale niliyahamishia kwenye skrini. Kila ukurasa niliuanza kwa utangulizi, nikafuatia na usuli, kisha malengo, kisha ufafanuzi wa istilahi, na mwisho kabisa nikafika kwenye jambo ambalo msomaji alikuwa amelifuata. Hakuna aliyenilalamikia, kwa sababu waliokuwa wakiyapitia maandishi yangu kabla hayajatoka ni wenzangu wa ofisini, na wao waliyasoma kama ripoti.

Mambo yalibadilika siku taasisi niliyokuwa nikiiandikia ilipoamua kuujaribu ukurasa wake wa ufadhili wa masomo kwa watumiaji halisi kabla ya kuufungua kwa umma. Ukurasa huo niliutunga kwa wiki mbili, ukawa na maneno yapatayo 900, na nilijivunia mpangilio wake. Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi: mtu anaketi mbele ya kompyuta, anapewa swali moja, anatafuta jibu huku akisema kwa sauti anachofikiri, na sisi tunakaa nyuma yake kimya. Swali la kwanza lilitaka ajue ni vyeti gani ambavyo mwombaji anatakiwa kuambatisha.

Kijana aliyeanza alisoma kichwa cha ukurasa, akasoma mstari wa kwanza na nusu ya wa pili, kisha akaanza kushuka. Alisita kwenye kichwa kidogo kilichosema "Usuli", akapita. Akasita kwenye "Malengo ya Mpango", akapita. Alifika chini, akapanda juu, akashuka tena. Orodha ya vyeti ilikuwa kwenye aya ya sita, ndani ya sentensi ndefu iliyoanza kwa maneno "Kwa kuzingatia mwongozo wa utoaji wa ufadhili", na mara mbili niliuona mshale wa kipanya ukipita juu yake. Hata dakika moja ilikuwa haijaisha alipogeuka akaniambia, "Dada, hapa hawajaandika. Labda nipige simu."

Nilitamani kumwonyesha kwa kidole, lakini mwenzangu aliyesimamia jaribio alikuwa amenionya nisiseme neno. Siku ile walipita watu watano. Watatu hawakuviona vyeti, na kati ya wawili waliofaulu, mmoja alitumia kitafutio cha kivinjari, yaani aliamua kutousoma ukurasa wangu kabisa na kuiachia mashine kazi hiyo.

Hukumu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba watu hawapendi kusoma. Ni hukumu inayosikika mara nyingi miongoni mwa waandishi, nami niliiamini kwa mchana mmoja. Aliyeivunja ni kijana yule yule. Jaribio lilipokwisha tulimwonyesha aya ya sita, naye akaisoma neno kwa neno, akairudia, kisha akauliza kama nakala ya cheti cha kuzaliwa inapaswa kuthibitishwa na mwanasheria au la. Swali hilo lilikuwa zuri kuliko maoni yote niliyopewa na wenzangu, na jibu lake halikuwa kwenye ukurasa. Huyu alikuwa msomaji makini. Katika ile dakika ya kwanza alikuwa bado hajaanza kusoma; alikuwa akiamua iwapo ukurasa una kitu anachokihitaji, na ukurasa wangu ulimpa kila ushahidi kwamba hauna.

Jicho huruka, halitambai

Baada ya siku ile nilianza kutafuta yaliyokwisha kuchunguzwa kuhusu jambo hili, na nikakuta kwamba si jipya hata kidogo. Mwaka 1997 watafiti wa matumizi ya tovuti, Jakob Nielsen na John Morkes, walieleza kwamba asilimia 79 ya watu waliowajaribu walipitisha macho tu kila walipokutana na ukurasa mpya wa tovuti, na ni asilimia 16 tu waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2008 Nielsen alichambua takwimu nyingine za matembezi ya watu kwenye kurasa, akakadiria kwamba katika ziara ya kawaida msomaji ana muda wa kusoma asilimia 28 ya maneno kwa wingi zaidi, na kwamba asilimia 20 ndiyo iliyo karibu na hali halisi.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya ukurasa wangu. Asilimia 20 ya maneno 900 ni maneno 180. Kuanzia hapo swali langu la kazi likawa: ni maneno 180 yapi? Kama sikuyachagua mimi, msomaji atajichagulia, na atachagua yale yaliyo karibu na jicho lake. Kwenye ukurasa wangu yaliyokuwa karibu na jicho ni "Usuli", "Malengo ya Mpango" na maelezo ya namna taasisi ilivyoanzishwa.

Kilichonisaidia zaidi kuelewa ni kujua jicho lenyewe linavyofanya kazi. Katika karne ya 19 daktari wa macho Mfaransa, Louis Émile Javal, alieleza kwamba linaposoma halitelezi juu ya mstari kwa mfululizo, bali huruka kutoka kituo hadi kituo. Katika kila kituo hutulia takriban robo ya sekunde, na herufi zinazoonekana kwa ukali ni zile chache tu zilizo katikati ya mtazamo. Zilizo pembeni ni kama kivuli. Kwa hiyo hata anayesoma kwa utulivu mkubwa anaruka. Anayepitisha macho anaruka mbali zaidi na kwa vituo vichache, na kila kituo anakichagua kwa kufuata ule ukungu wa pembeni: neno lililosimama peke yake, mstari mfupi, tarakimu, herufi nzito, mwanzo wa aya. Niliacha kujiuliza namna ya kumlazimisha asome vyote. Nikaanza kufikiri juu ya mahali pa kutua.

Hapo nilifanya kosa la pili, nalo lilitokana na kuelewa nusu. Nilisoma kuhusu uchunguzi wa mwaka 2006 ambao Nielsen aliufanya kwa kufuatilia macho ya watu 232, ukaonyesha kwamba mara nyingi macho huacha alama inayofanana na herufi F: mstari mmoja wa mlalo juu, wa pili mfupi zaidi chini yake, kisha mteremko upande wa kushoto. Nikaichukua F hiyo kama sheria ya maumbile, nikaanza kulundika kila kitu muhimu juu na kushoto. Baada ya muda kurasa zangu zilionekana kama mlima ulioegemea ukuta. Mwaka 2017 Kara Pernice, wa kundi la utafiti la Nielsen, alifafanua kwamba F ni kile kinachotokea pale ambapo ukurasa haumpi msomaji mwongozo wowote. Palipo na vichwa vidogo vinavyoeleweka, jicho hutua kwenye kichwa, likaruka maandishi ya chini yake, likatua kwenye kichwa kinachofuata, mpaka lifike kwenye kile kinachohusika, na hapo msomaji huanza kusoma kweli. Wachunguzi hao waliufananisha mwendo huo na matabaka ya keki. Basi F niliyokuwa nikiitumikia ilikuwa dalili ya ukurasa mbovu, nami nilikuwa nikiijengea nyumba.

Kichwa kidogo kiseme jambo

Vichwa kama "Utangulizi", "Usuli", "Mambo ya Jumla" na "Maelezo Zaidi" vilitoka kwenye ripoti zangu, na vyote vina kasoro moja: vinataja nafasi ya sehemu katika waraka, havitaji kilichomo. Nilipouandika upya ukurasa wa ufadhili, "Taratibu" ikawa "Vyeti vitano vya kuambatisha". "Mambo ya Kuzingatia" ikagawanyika ikawa "Mwisho wa kupokea maombi" na "Makosa yanayofanya maombi yakataliwe". Kwa mtu aliyetumwa kutafuta vyeti, neno "vyeti" mwanzoni mwa kichwa ni mahali pa kutua pasipo na shaka.

Tangu hapo nina zoea moja ambalo sijaliacha. Kabla ya kuuachia ukurasa, ninamsomea mtu kwa simu vichwa vyake peke yake, kutoka juu hadi chini, bila aya hata moja, kisha ninamwomba anieleze ukurasa huo unasema nini. Akiweza kunieleza kiini chake, vichwa vimefanya kazi. Akisema tu kwamba unahusu ufadhili, ninarudi mezani.

Sababu nyingine ya kuvipa vichwa uzito niliipata kwa mtumiaji asiyeona, ambaye alikubali kunionyesha anavyosoma kwa programu ya kusoma skrini. Nilidhani programu ingemsomea kila kitu kuanzia juu. Alibonyeza herufi moja ya kibodi, na sauti ikaanza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kasi ambayo mimi sikuweza kuifuata: "Utangulizi. Usuli. Maelezo zaidi. Maelezo zaidi." Yeye pia alikuwa akipitisha macho, kwa masikio. Kisha akafungua orodha ya viungo vyote vya ukurasa, na sauti ikasema "bofya hapa" mara saba mfululizo. Akatulia akisubiri, kwa upole ambao bado ninaukumbuka, nimwambie ni "hapa" ipi iliyo na fomu.

Siku hiyo nilijifunza mambo mawili ya kiufundi ambayo mwandishi hapaswi kumwachia fundi wa tovuti. La kwanza ni kwamba lugha ya HTML, inayotumika kuunda kurasa za tovuti, ina ngazi sita za vichwa, na kichwa kisichowekewa alama yake ya ngazi, kikakuzwa tu na kukolezwa ili kifanane na kichwa, kwa msomaji huyo hakipo kabisa. La pili ni kwamba maneno ya kiungo yataje kile kilicho upande wa pili: "Fomu ya maombi", "Mfano wa barua ya mdhamini". Kiungo kilichoandikwa hivyo kinamfaa asiyeona na anayeona vilevile, kwa sababu rangi yake hukifanya kituo cha jicho, na kituo chenye neno "hapa" ni kituo kitupu.

Kiswahili kina neema yake na mitego yake

Mengi yanayoandikwa kuhusu uandishi wa tovuti yametokana na majaribio ya wasomaji wa Kiingereza, na kwa muda mrefu niliyafuata bila kujiuliza lugha yangu yenyewe inafanya nini. Mambo yaliyoufaa ukurasa wangu zaidi ya mengine yote nilikuja kuyagundua pale nilipoanza kuvitazama vichwa vyangu kama safu ya maneno ya Kiswahili yaliyopangwa wima.

Neema yetu ni kwamba jina hutangulia. Tunasema "ada ya usajili", "tarehe ya mwisho", "namba ya mwombaji", na neno lenye uzito linakaa kushoto, pale jicho linapotua kwanza. Neema hiyo tunaipoteza kwa mikono yetu tunapotanguliza maneno yasiyo na mzigo. Kwenye ukurasa mmoja wa maswali nilikuwa na vichwa kumi na moja vilivyoanza na "Jinsi ya": jinsi ya kulipa, jinsi ya kubadili jina, jinsi ya kupata namba mpya. Msomaji aliyeshuka kwa jicho upande wa kushoto aliona "Jinsi ya" mara kumi na moja. Niliyaondoa, na kilichobaki kikawa "Kulipa", "Kubadili", "Kupata", "Kufuta", ambacho ni nguzo ya "Ku" kutoka juu hadi chini. Nilihitaji siku mbili nzima kukubali kwamba nilikuwa nimebadilisha pazia moja kwa jingine. Mwishowe nikarudi kwenye majina: "Malipo ya ada", "Mabadiliko ya jina", "Namba mpya". Sasa kila mstari ulianza kwa neno lake lenye uzito na jicho likapata la kushika. Kwenye vitufe, ambako mtu anatakiwa kutenda, hali ya kuamrisha inatosha na ni fupi: "Lipa", "Jisajili", "Pakua fomu".

Mtego mkubwa, na hapa ninaomba mwandishi mwenzangu atulie kidogo, ni ukanushi. Kiswahili huificha hapana ndani ya neno. "Itapokelewa" na "haitapokelewa" zinatofautiana kwa silabi moja mwanzoni mwa neno refu, na neno hilo mara nyingi hukaa mwishoni mwa sentensi, mahali ambapo anayepitisha macho amekwisha kukata tamaa. Niliandika hivi: "Maombi yatakayowasilishwa bila saini ya mdhamini hayatashughulikiwa." Kisarufi ni sentensi safi. Katika jaribio la pili mwanamke mmoja aliisoma kwa sauti, akasema "yatashughulikiwa", akaendelea mbele akiwa na uhakika kwamba saini si lazima. Hakuwa mzembe, jicho lake lilitua katikati ya neno, likakamilisha lililobaki kwa matarajio. Je, ni maombi mangapi halisi yaliyopotea kwa silabi moja kama hiyo kwenye kurasa nilizoziandika miaka ya nyuma? Swali hilo liliniumiza, na bado linaniumiza.

Tangu hapo, jambo lolote lenye madhara kwa msomaji siliachii kiambishi peke yake kulibeba. Ninatafuta kitenzi ambacho chenyewe kina maana ya kukataa, ninalitanguliza sharti, na ninagawa sentensi: "Saini ya mdhamini ni lazima. Maombi yasiyo na saini hiyo yanakataliwa." Hata jicho likiruka "yasiyo na", litakutana na "lazima" na "yanakataliwa". Vivyo hivyo kwa virejeshi. Nilikuwa na vichwa viwili vilivyofuatana, "Wanaoruhusiwa kuomba" na "Wasioruhusiwa kuomba", ambavyo kwa mbali ni mapacha. Vikawa "Sifa za mwombaji" na "Vizuizi vya kuomba", na kuchanganyikiwa kukaisha.

Kuna pia suala la utangulizi wa sentensi. Lugha yetu ya ofisi inapenda kuanza kwa "Kwa mujibu wa", "Kwa kuzingatia", "Ikumbukwe kwamba", na maneno hayo husukuma jambo lenyewe mpaka mstari wa pili, ambako kwenye skrini ya simu kunaweza kuwa mstari wa nne. Niliyafuta karibu yote. Niliyoyaacha ni masharti yanayomwezesha msomaji kuondoka mapema kwa amani: "Kama umewahi kupata ufadhili huu, usiombe tena." Hapo "kama" ina haki ya kutangulia, kwa sababu inamtenga anayehusika na asiyehusika kwa maneno matano ya kwanza.

Kukoleza, kukatakata na kufuta

Nilipogundua kwamba herufi nzito ni kituo cha jicho, nilizitumia kupita kiasi, mpaka aya moja ikawa na maneno tisa yaliyokolezwa na jicho likakosa pa kutua kwa sababu kila mahali paliita. Kosa hilo lilirekebishika haraka. Lililonifundisha zaidi lilikuwa dogo kwa umbo na zito kwa matokeo. Nilikoleza maneno "wanaruhusiwa kuwasilisha maombi kwa barua pepe" katika sentensi iliyoendelea, kwa herufi za kawaida, kusema "iwapo tu wanaishi nje ya nchi". Waombaji wengi wa ndani walituma kwa barua pepe, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo, maana mimi ndiye niliyewaambia. Siku hizi ninasoma maneno yaliyokolezwa peke yake, nikiyaruka mengine yote, na ikiwa yanatoa maana iliyo kinyume na sentensi nzima, ninayapunguza au ninaiandika sentensi upya.

Tarehe ya mwisho nayo ilinifundisha jambo nisilolitarajia. Kwa kuwa ni muhimu kuliko yote, niliiweka juu kabisa ndani ya kisanduku chekundu kipana, na katika jaribio la pili karibu kila mtu aliikosa. Mwaka 1998 Jan Panero Benway na David Lane walikuwa wameshalieleza jambo hili: watu wanaotafuta kitu kwenye ukurasa huruka kile kinachofanana na bango la tangazo, hata kikiwa ndicho kinachobeba jibu. Nilikivunja kisanduku, nikaiandika tarehe kama mstari wa kawaida chini ya kichwa "Mwisho wa kupokea maombi", na ikaonekana.

Kuhusu mwonekano wa maandishi nitasema machache, kwa sababu kanuni zake zinajulikana na hazina ubishi mwingi. Mstari wenye herufi 45 hadi 75 unasomeka kwa raha kuliko ule unaotambaa skrini nzima, na mwongozo wa W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, kuhusu ufikivu wa maudhui, yaani kuyafanya yatumike hata na wenye ulemavu, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa na wabunifu wengi, mara nyingi hakifiki hapo.

Orodha za vitone zinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Vyeti vitano ni orodha kwa asili yake, na kila kimoja kinastahili mstari wake. Lakini niliwahi kukatakata kwa vitone maelezo ya kwa nini uamuzi wa maombi huchukua miezi mitatu, nikayafanya vipande vinne vifupi vilivyopendeza machoni. Simu za kuuliza sababu ziliongezeka. Nilipolinganisha toleo la zamani na jipya niliona kilichopotea: "kwa sababu", "hivyo basi", "hata hivyo". Hoja inakaa ndani ya maneno hayo madogo ya kuunganisha, na orodha huwa inayatupa. Niliirudisha aya, nikaipa kichwa kinachosema "Kwa nini uamuzi huchukua miezi mitatu", na msomaji anayetaka kujua akawa na mahali pa kukaa.

Kazi ngumu ilikuwa kufuta. Lile jaribio la Nielsen na Morkes la mwaka 1997 lililinganisha matoleo matano ya tovuti moja ya utalii. Toleo lililopunguzwa maneno kufikia takriban nusu liliongeza ufanisi wa matumizi kwa asilimia 58 kuliko la awali. Lililopangwa kwa ajili ya kupitisha macho, kwa asilimia 47. Lililoondolewa majigambo na kubakiza lugha ya kawaida, kwa asilimia 27. Na lililounganisha yote matatu, kwa asilimia 124. Takwimu ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Sikuwa nimefikiri kwamba sifa humgharimu msomaji. Lakini kila akutanapo na "fursa adhimu na ya kipekee", hana budi kusimama, kuichuja, kuamua kwamba haina taarifa, na kuendelea. Na baada ya kuchuja mara tatu huanza kushuku hata kile kilicho kweli.

Mkuu wa idara hakufurahi nilipoiondoa historia ya mpango. Alikuwa miongoni mwa walioujenga na alitaka waombaji wajue ulikotoka, jambo ambalo naliheshimu. Tulikubaliana historia iwe na ukurasa wake, na kiungo chake kikae mwishoni kikisema wazi "Historia ya mpango wa ufadhili". Ukurasa mkuu ukashuka kutoka maneno 900 hadi 380, ukijumuisha jibu la lile swali la kijana kuhusu nakala za cheti cha kuzaliwa, ambalo sasa lilikuwa na mstari wake.

Katika jaribio la mwisho mama mmoja wa makamo alipewa swali lile lile la vyeti. Alitazama juu, akashuka mara moja, akatua. "Kumbe ni vitano tu," akasema, na akavitaja. Mwenzangu aliyesimamia jaribio akaandika muda kwenye karatasi yake na kufungua swali la pili, lakini yule mama alimwomba asubiri. Alikuwa amepanda juu tena, na sasa alikuwa akisoma kwa midomo inayotikisika, polepole, aya ile ndefu inayoeleza kwa nini uamuzi huchukua miezi mitatu. Hakuna aliyemwagiza aisome. Alipoimaliza akanigeukia akaniuliza, "Mwanangu, huu ukurasa utafunguliwa lini, nimtumie kijana wangu?"